Isa wa Kurani, Yesu wa Injili: Uislamu kwa Mkristo Anayeanza Kujifunza

Jina la Muhammad limetajwa katika Kurani mara 4 tu. La Isa limetajwa mara 25. Maryamu, mama yake, ndiye mwanamke pekee anayetajwa humo kwa jina, na sura ya 19 imepewa jina lake. Mkristo aliyekua akidhani Uislamu ni dini ya mbali, yenye Mungu wake na visa vyake, akifungua kitabu hicho hukuta watu anaowafahamu tangu shule ya Jumapili: Adamu, Nuhu, Ibrahimu, Lutu, Yusufu, Musa, Daudi, Suleimani, Yona, na Yohana Mbatizaji akiitwa Yahya.

Mshangao huo ukipita, wengi huangukia upande mmoja kati ya miwili. Wapo wanaosema kumbe dini ni moja, watu wanagombana bure. Wapo wanaoona visa vyao vimechukuliwa vikageuzwa, wakafunga kitabu kwa hasira. Mimi ni Mkristo, na naona wote wamefanya haraka. Kujua kwamba jina fulani limo katika vitabu vyote viwili hakusaidii sana mpaka uulize jina hilo limepewa kazi gani katika kila imani. Isa ni Masihi katika Uislamu pia, ila umasihi wake haubebi mzigo uleule. Mengi yanayomtatiza Mkristo kuhusu Uislamu hutokana na kulitazama jina na kuisahau kazi.

Kitabu hakilingani na kitabu

Anayeanza kulinganisha huweka Biblia upande huu na Kurani upande ule, kisha Yesu huku na Muhammad kule. Yaonekana ni haki: kitabu kwa kitabu, mwanzilishi kwa mwanzilishi. Kumbe ndipo anapopotea.

Kwa Mkristo, Mungu amejifunua kwa ukamilifu katika mtu. Yohana anaandika kwamba Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu. Injili nne ni ushuhuda juu ya mtu huyo, kila mwandishi na mtindo wake, na Mkristo haoni shida Luka akisimulia jambo ambalo Marko hakuligusa. Kwa Mwislamu, Mungu amenena. Kurani ni maneno ya Mwenyezi Mungu mwenyewe, yaliyoteremshwa kwa Kiarabu kupitia malaika Jibrili, kuanzia mwaka 610 katika pango la Hira karibu na Makka hadi Mtume alipokaribia kufariki mwaka 632. Muhammad hakuyatunga, aliyapokea akayafikisha. Kwa hiyo kinachokaa mahali pa Kristo katika Uislamu ni Kurani yenyewe. Muhammad, kwa heshima yake yote, yuko mahali pengine.

Ukilishika hilo, mengi yanaeleweka bila kuelezwa upya. Unaelewa kwa nini muumini anatawadha kabla ya kuushika msahafu, kwa nini watoto huihifadhi yote kwa moyo hata kama Kiarabu si lugha yao, na kwa nini tafsiri, hata iwe nzuri vipi, haisomwi badala ya Kiarabu katika swala. Unaelewa pia kwa nini kuchoma msahafu kunaumiza kuliko Mkristo anavyotarajia: yeye analinganisha na kuchomwa kwa Biblia, wakati mwenzake anahisi jambo lililo karibu zaidi na kukufuru Ekaristi, mkate na divai ya Meza ya Bwana.

Historia inatoa ushahidi mzuri. Mwaka 325 maaskofu walikutana katika mji wa Nikea kwa sababu padri mmoja, Ario, alifundisha kwamba Mwana aliumbwa. Mtaguso, yaani mkutano huo wa maaskofu, ukajibu kwamba Mwana amezaliwa, hakuumbwa. Karne tano baadaye, mwaka 833, khalifa al-Ma'mun wa Baghdad alianza kuwahoji wanazuoni akiwalazimisha wakiri kwamba Kurani imeumbwa. Ahmad ibn Hanbal alikataa, akafungwa, na chini ya khalifa aliyefuata akachapwa viboko. Msimamo wake ndio uliokuja kushinda kwa Wasunni: Kurani ni usemi wa Mungu, haikuumbwa. Dini mbili ziligombana ndani kwa ndani juu ya swali lilelile, je, Neno la Mungu ni la milele au ni kiumbe. Moja ilikuwa ikimzungumzia mtu, nyingine kitabu.

Kuna kosa jingine dogo la kuepuka hapohapo. Mtu hawezi kuujua Uislamu kwa kusoma Kurani peke yake. Idadi ya rakaa katika swala tano za siku, kwa mfano, haikuelezwa humo. Imetokana na mwenendo wa Mtume uliohifadhiwa katika hadithi, kama zile zilizokusanywa na Bukhari, aliyefariki mwaka 870, na Muslim, aliyefariki mwaka 875. Washia wana mikusanyo yao. Juu ya hadithi kuna madhehebu ya sheria, tafsiri na usufi, njia ya kiroho ya kumkaribia Mungu. Mkristo anayeng'oa aya moja na kuitangaza kuwa ndio Uislamu anafanya kile ambacho hukasirika akifanyiwa na mtu aliyeng'oa mstari wa Mambo ya Walawi.

Chini ya mtende

Sehemu inayofaa kusomwa polepole ni sura ya 19. Maryamu amejitenga na watu wake. Malaika anamjia katika umbo la mwanamume; anaogopa na kujikinga kwa Mwingi wa Rehema. Anaambiwa atapewa mwana aliye safi. Anauliza itakuwaje naye hajaguswa na mwanamume, na jibu ni kwamba kwa Mola wake hilo ni jepesi. Mpaka hapo msomaji wa Luka anajiona yuko nyumbani.

Kisha kisa kinageuka. Yusufu seremala hayupo. Hakuna hori, wachungaji wala mamajusi. Mwanamke anakwenda mbali peke yake, uchungu unamsukuma kwenye shina la mtende, naye analia kwamba laiti angekufa kabla ya hayo akasahaulika kabisa. Sauti inamwita kutoka chini yake: asihuzunike, Mola wake ameweka kijito hapo chini, alitikise shina, tende mbivu zitamwangukia, ale, anywe, atulize jicho lake. Anarudi kwa jamaa zake amembeba mtoto mikononi. Wanamshutumu: baba yake hakuwa mtu mwovu wala mama yake hakuwa kahaba. Yeye hajibu neno. Anaashiria kwa mtoto. Wanauliza watasemaje na mtoto mchanga, na mtoto ndiye anayejibu: yeye ni mtumishi wa Mwenyezi Mungu, amepewa Kitabu, amefanywa nabii.

Nasema wazi kwamba uchungu ule wa Maryamu, upweke na kukata tamaa kwake, ni jambo ambalo Injili nne hazikulisimulia, na Mkristo anaweza kulisoma kwa heshima bila kuivunja imani yake. Lakini atazame neno la kwanza la mtoto. Hajasema jina lake, hajamtetea mama yake moja kwa moja. Amesema yeye ni mtumishi. Ukurasa ulio karibu kabisa na Luka ndio unaoufunga mlango wa uwana. Aya chache mbele, sura hiyohiyo inaongeza kwamba haimfalii Mwenyezi Mungu kujifanyia mwana.

Kwingineko Isa anaponya vipofu na wenye ukoma, anafufua wafu kwa idhini ya Mungu, na anafinyanga ndege wa udongo akampulizia, akaruka. Kisa cha ndege hakimo katika Injili nne. Kimo katika maandishi ya Kikristo ya zamani juu ya utoto wa Yesu ambayo kanisa halikuyapokea. Mkristo hufurahia kusema basi kimenakiliwa, na Mwislamu hujibu kwamba Kurani imethibitisha jambo la kweli ambalo kanisa liliacha. Mabishano hayo hayafiki mbali, kwa kuwa kila mmoja anaanza na jibu lake juu ya Kurani ilitoka wapi.

Katika sura ya 4, aya ya 171, Isa anaitwa Masihi, Mtume wa Mungu, neno lake alilompelekea Maryamu, na roho itokayo kwake. Mhubiri wa Kikristo anayeishia hapo anasoma nusu. Aya hiyohiyo inaendelea: msiseme watatu, Mungu ni mmoja, ametakasika na kuwa na mwana.

Msalaba usio na kazi

Aya inayomkwaza Mkristo kuliko zote ni ya 157 ya sura ya 4: hawakumwua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa; na aya inayofuata inasema Mungu alimwinua kwake. Wafasiri wengi wameielewa kwamba mtu mwingine alipewa sura ya Isa akasulubiwa badala yake. Tabari, aliyefariki mwaka 923, aliorodhesha masimulizi kadhaa yasiyokubaliana juu ya nani huyo. Fakhruddin ar-Razi, aliyefariki mwaka 1210, aliuliza waziwazi: kama sura ya mtu inaweza kuwekwa juu ya mwingine hivyo, tutakuwa na hakika gani juu ya mtu yeyote tunayemwona? Waahmadiyya, kundi ambalo Waislamu wengi hawalihesabu kuwa la wenzao, husema Isa alitundikwa akazimia, akapona, akafa uzeeni huko Kashmir. Ndani ya Uislamu, basi, namna jambo lilivyotokea imejadiliwa. Kwamba Isa hakufa msalabani ndio msimamo wa karibu Waislamu wote.

Mkristo husoma hayo akakimbilia ushahidi wa kihistoria, na ushahidi anao: kusulubiwa kwa Yesu chini ya Pontio Pilato ni miongoni mwa mambo ambayo wanahistoria, waamini na wasioamini, hawayatilii shaka sana. Lakini akiishia hapo hatamwelewa Mwislamu. Swali la maana ni kwa nini mwenzake haoni pengo lolote pale msalaba ulipoondolewa.

Jibu liko nyuma, kwa Adamu. Katika Kurani, Adamu na mkewe walikosea, Adamu akapokea maneno kutoka kwa Mola wake, akatubu, akasamehewa. Jambo likaisha. Hawakuwarithisha watoto wao hatia. Mtoto huzaliwa katika fitra, hali safi ya asili, na Kurani inarudia zaidi ya mara moja kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Shida ya mwanadamu ni kusahau na kughafilika, na dawa yake ni ukumbusho, mwongozo na toba. Kwa mtu mwenye shida ya namna hiyo, Mungu anatuma nabii. Kwa Mkristo, mwanadamu yuko katika hali ambayo ukumbusho peke yake hauwezi kumtoa. Anahitaji kukombolewa, na Paulo anasema kama Kristo hakufufuka, mahubiri ni bure. Kwa hiyo tofauti haiko kwanza juu ya kilichotokea Golgotha. Iko juu ya ugonjwa ni upi. Wakishatofautiana kwenye ugonjwa, hakuna ajabu wakitofautiana kwenye tiba.

Na wote wanamngoja. Hadithi zinasema Isa atashuka kabla ya Siku ya Mwisho, atamwua Dajali, yule mdanganyifu mkuu wa siku za mwisho, na atatawala kwa haki. Mkristo hufurahi kusikia hivyo mpaka aambiwe kwamba hadithi hizo zinamtaja pia akivunja msalaba.

Mmoja

Moyo wa Uislamu ni tauhidi, imani ya umoja wa Mungu, na dhambi kubwa kuliko zote ni shirki, kumfanyia Mungu mshirika. Sura ya 112, fupi kiasi cha kusomwa kwa pumzi moja, inasema Mungu ni mmoja, ndiye anayekusudiwa na wote, hakuzaa wala hakuzaliwa, wala hana anayefanana naye. Ni kawaida Mkristo kuisoma kana kwamba imeandikwa dhidi yake. Inamgusa, ndiyo, ila watu wa Makka wa wakati huo walikuwa wakiwaita Lata, Uzza na Manata mabinti wa Mungu, na dhana ya miungu kuzaliana ilikuwa mlangoni kwao.

Kuzaa huko kwa mwili, Mkristo pia anakukana. Kanisa halikufundisha kamwe kwamba Mungu alipata mtoto kwa mke. Vilevile, mwishoni mwa sura ya 5 Mungu anamwuliza Isa kama ndiye aliyewaambia watu wamfanye yeye na mama yake kuwa miungu wawili, naye anakana. Hakuna mtaguso uliomweka Maria katika Utatu. Baadhi ya Waislamu hujibu kwamba aya haielezi Utatu. Inakemea heshima ya kupita kiasi aliyopewa Maryamu, na ukweli ni kwamba hata Waprotestanti wamewahi kuwaambia Wakatoliki maneno ya kufanana na hayo.

Hata hivyo Mkristo asijifariji kwamba ugomvi wote ni kutoelewana, na kwamba Mwislamu akielezwa Utatu vizuri ataukubali. Katika karne ya 9, Abu Isa al-Warraq aliandika hoja ndefu dhidi ya Utatu akitenganisha barabara mafundisho ya Wamelkiti, Wayakobo na Wanestori, makundi matatu ya Wakristo wa Mashariki, jambo ambalo Wakristo wengi wa leo hawaliwezi. Aliyaelewa, akayakataa. Baada ya kuondoa kila dhana potofu, bado linabaki swali: je, Mungu anaweza kuingia katika mwili wa mwanadamu, akale, akachoka, akafa, bila kupungukiwa uungu? Mkristo anasema huo ndio utukufu wake. Mwislamu anasema huko ni kumdhalilisha. Hapo wote wawili wanaelewana vizuri sana.

Kama Mkristo mbele ya Myahudi

Juu ya vitabu vilivyotangulia, Kurani inasema mambo ambayo Mkristo huona hayakai pamoja kirahisi. Inakuja kusadikisha Taurati na Injili, na inawataka watu wa Injili wahukumu kwa yale aliyoteremsha Mungu ndani yake. Inawalaumu pia baadhi ya watu wa Kitabu kwa kupotosha maneno. Wanazuoni wa Kiislamu waligawanyika: wapo waliosema upotoshaji ni wa maana, wapo waliosema ni wa maandishi yenyewe, na Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, alikuwa mkali kuliko wengi katika hili la pili. Mkristo ana hoja nzito hapa, kwa kuwa nakala kubwa za Biblia za karne ya 4, kama ile ya Sinai na ile ya Vatikani, zilitangulia kuzaliwa kwa Muhammad kwa miaka zaidi ya 150, na Agano Jipya lililomo kimsingi ndilo lisomwalo leo. Mwislamu atasema basi upotoshaji ulitangulia hapo. Zaidi ya hayo, kwake Injili ni kitabu kimoja alichopewa Isa, na vitabu vinne vinavyosimulia juu ya Isa havilingani na maelezo hayo hata kama havijaguswa.

Kinachomuuma Mkristo hasa ni kuona Maandiko yake yakisomwa na mtu mwingine ambaye anadai kuyajua kuliko yeye. Anaambiwa Msaidizi aliyeahidiwa katika Yohana 14 ni Muhammad, na kwamba nabii wa Kumbukumbu la Torati 18 ni huyohuyo. Anajibu kwa mshangao kwamba muktadha haukubali.

Sasa amfikirie Myahudi. Kwa karibu miaka 2000 amesikia Mkristo akimsomea Isaya 53 na kumwambia kwamba mtumishi anayeteseka ni Yesu. Kwamba Torati ilikuwa kivuli, utimilifu umekuja. Kwamba anayasoma Maandiko yake na utaji usoni. Myahudi naye anajibu kwamba muktadha haukubali. Uislamu umeufanyia Ukristo, kwa kiasi kikubwa, kile ambacho Ukristo uliufanyia Uyahudi: umeyapokea yaliyotangulia, ukayasahihisha, ukatangaza kwamba umeyakamilisha. Sisemi basi madai yote ni sawa. Dai moja linaweza kuwa kweli na jingine uongo, nami nina msimamo wangu. Lakini Mkristo akikumbuka kwamba yeye mwenyewe amekaa kwenye kiti hicho, ataacha kuuona Uislamu kama uvamizi wa aina ambayo haijawahi kutokea.

Hilo pia linaeleza malalamiko ambayo Waislamu hutoa kwa moyo safi: sisi tunamheshimu nabii wenu, mbona nyinyi hammheshimu wetu? Dini inayokuja baadaye huwa na nafasi iliyotengwa kwa aliyetangulia. Iliyotangulia haina nafasi iliyoandaliwa kwa anayekuja. Mkristo anayekataa kumwita Muhammad nabii halazimiki kuwa na chuki. Akimkubali kwa maana kamili, atakuwa amekuwa Mwislamu. Anachoweza kufanya ni kumzungumza kwa adabu na kwa ukweli. Patriaki Timotheo wa Kwanza wa Kanisa la Mashariki aliulizwa swali hilo na khalifa al-Mahdi huko Baghdad, mnamo mwaka 781, akajibu kwamba Muhammad alikwenda katika njia ya manabii, kwa kuwa aliwageuza watu wake kutoka kwenye sanamu hadi kwa Mungu mmoja. Hakusema ni nabii. Hakumtukana. Watu bado wanabishana kama ulikuwa ujasiri au ujanja. Mimi naona ni vyote viwili.

Fimbo ya Najashi

Uhusiano ulianza mapema kuliko vita. Mnamo mwaka 615 Waislamu wa kwanza, wakiteswa Makka, walivuka bahari kukimbilia Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo aliyejulikana kwa cheo cha Najashi. Masimulizi ya maisha ya Mtume yanaeleza kwamba watu wa Makka walituma wajumbe wenye zawadi ili warudishiwe. Jafar, binamu yake Mtume, akaombwa asome kitu katika yale aliyokuja nayo Muhammad, naye akasoma mwanzo wa sura ya Maryamu. Mfalme akalia mpaka ndevu zikalowa, na maaskofu wake wakalia pia.

Kesho yake wajumbe wakarudi na mkakati mpya: mwulize wanasema nini juu ya Isa. Jafar akajibu kwamba ni mtumishi wa Mungu, mtume wake, roho yake na neno lake alilompelekea Maryamu bikira. Najashi akaokota kijiti ardhini akasema Isa hapiti hayo uliyosema hata kwa urefu wa kijiti hiki. Wakuu waliomzunguka wakaguna. Mfalme akawaambia wagune wapendavyo, lakini wageni wale hawatatolewa.

Katika siku hizo mbili mna sehemu kubwa ya uhusiano wote: machozi ya pamoja juu ya Maryamu, kisha mguno juu ya Mwana. Na ulinzi ulitolewa mguno ukiwa bado unasikika.

Yaliyofuata ni marefu na hayana upande ulio safi. Wakristo chini ya dola za Kiislamu walihifadhiwa maisha, mali na ibada, wakilipa jizya, kodi ya wasio Waislamu, na wakikaa daraja la chini kisheria. Mmoja wao, Hunayn ibn Ishaq, aliongoza tafsiri za vitabu vya tiba vya Kigiriki huko Baghdad katika karne ya 9. Vita vya Msalaba viliitwaa Yerusalemu mwaka 1099 kwa mauaji makubwa. Salahuddin, mtawala Mwislamu, aliirudisha mwaka 1187 bila kuyarudia. Anayetaja jizya ataje pia Hispania, ambako wazao wa Waislamu, waliokwisha kubatizwa, walifukuzwa kati ya 1609 na 1614.

Lakini Mkristo wa leo huuliza la karibu zaidi: Kurani inaniambia nini mimi? Sura ya 5 peke yake inatosha kuonyesha kwa nini jibu si moja. Imeitwa Meza, kwa ajili ya meza ambayo wanafunzi wa Isa waliomba ishuke kutoka mbinguni. Ndani yake chakula cha watu wa Kitabu ni halali, na mwanamume Mwislamu anaruhusiwa kuoa mwanamke wao aliye msafi. Ruhusa hiyo haikutolewa kwa upande wa pili, na wanasheria wa jadi wameishikilia hivyo. Ndani yake waumini wanakatazwa kuwafanya Wayahudi na Wakristo kuwa walinzi wao. Ndani yake Wakristo wanatajwa kuwa watu walio karibu zaidi kwa mapenzi na waumini, kwa sababu wana makasisi na watawa na hawajivuni. Na ndani yake wanaosema Mungu ni wa tatu wa watatu wameambiwa wamekufuru. Wafasiri huzifunga aya hizo na matukio: zile za tahadhari na mazingira ya vita na mapatano ya Madina, zile za upole na watu kama Najashi. Wengine huziweka kuwa kanuni za wakati wote. Mwislamu mpole na Mwislamu mkali wote wanasoma sura hiyohiyo, na anayetaka kujua jirani yake anaisomaje ni bora amwulize.

Je, tunamwabudu Mungu yuleyule? Kanisa Katoliki, katika tamko la tarehe 28 Oktoba 1965, lilisema Waislamu wanamwabudu Mungu mmoja, aliye hai na mwenye rehema, likataja heshima yao kwa Maria, na likanyamaza kabisa juu ya Muhammad na Kurani. Wainjilisti wengi wanakataa hata hilo. Wakristo Waarabu humwita Mungu Allah katika Biblia na liturujia zao. Msimamo wangu ni kwamba ni yuleyule anayekusudiwa, anayeelezwa kwa namna ambazo haziwezi kuwa kweli zote mbili.

Tarehe 13 Oktoba 2007 wanazuoni 138 wa Kiislamu waliwaandikia viongozi wa makanisa barua iliyochukua kichwa chake kutoka aya ya 64 ya sura ya 3: njoni kwenye neno lililo sawa baina yetu na nyinyi. Walisema neno hilo ni kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Makanisa mengi yaliipokea kwa shukrani. Aya yenyewe inalitaja neno hilo kuwa ni kutomwabudu ila Mungu, kutomshirikisha na chochote, na kutofanyana miungu wao kwa wao, yaani inakaribisha mazungumzo na papo hapo inalitaja jambo linalozungumzwa.

Mkristo anayetaka kuanza kusoma asianze mwanzoni. Sura zimepangwa takriban kutoka ndefu hadi fupi, si kwa mfuatano wa matukio, na sura ya 2 ina aya 286 za sheria, visa na mabishano. Wengi huishia humo. Aanze na ya 12, kisa cha Yusufu, kinachosimuliwa moja kwa moja hadi mwisho. Afuatishe ya 19, kisha ya 3, kisha ya 5, akiwa na tafsiri yenye maelezo na, ikiwezekana, akiwa na Mwislamu wa kumwuliza. Sura ya 9, yenye aya za vita na jizya, asiikwepe. Aisome baada ya kujua historia ya Makka na Madina, maana bila hiyo hatajua nani anazungumza na nani.